Mtu wa Tatu Nyuma ya Mlango

Siku hiyo ilianza kwa mambo ya kawaida kabisa. Upepo wa moto kutoka kusini ulikuwa ukivuma tangu juzi, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya vioo vya magari na majani ya milimau. Mke wangu, Agatina, alikuwa jikoni akikaanga biringani na kuyagombeza mafuta kwamba yanamrukia kwa makusudi. Mimi nilikuwa kibarazani nikisoma kipimahewa changu na kulinganisha na jana, kama nifanyavyo kila asubuhi tangu nilipostaafu kufundisha takwimu chuo kikuu.

"Ukimwona kaka yangu," Agatina alipaza sauti, "mwambie aje kula. Amekonda kama mshumaa wa Ijumaa Kuu."

"Wakili hakondi bila sababu."

"Basi kaitafute hiyo sababu, profesa. Hicho kidude hakikimbii."

Kaka yake aliitwa Gaetano Sgarlata, nasi sote tulimwita Tanino. Maisha yake yote ya kazi alikuwa wakili wa ukoo wa Passafiume, na katika vilima hivi vya malimau juu ya Palermo hakuna anayeuliza ukoo huo unaishi kwa kazi gani. Tanino hakuapishwa kuwa mmoja wao wala hakuwahi kushika silaha. Alishika siri tu. Mkuu wa ukoo, Don Liborio, alimwambia yote, kwa sababu mbele ya wakili mtu husema, na sheria yenyewe husimama mlangoni kuzuia masikio.

Miongoni mwa siri hizo ilikuwamo moja iliyokuwa na mama. Chini ya ofisi ya Tanino aliishi Bi Crocifissa Laspina. Mwanawe, Mimmo, alikuwa dereva wa lori la machungwa. Aliona jambo barabarani, akawaeleza polisi, kisha akatoweka. Hiyo ilikuwa zamani, wakati nywele zangu bado nyeusi. Don Liborio alikufa gerezani majira ya baridi yaliyopita bila kusema alimweka wapi. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba alikwisha kumwambia mtu mmoja. Kwa hiyo kila Tanino alipopita, Bi Crocifissa aliinua uso kutoka kwenye ufagio wake na kumsalimu kwa sauti ya adabu:

"Wakili, mwanangu hajambo huko aliko?"

Tanino alivua kofia na kupanda ngazi.

Nilimkuta ofisini kabla ya chakula cha mchana. Madirisha ya vibao yalikuwa yamefungwa kuzuia joto, na mwanga uliingia kwa mistari myembamba iliyolala sakafuni. Alinikaribisha kwa mzaha, ila mkono wake ulikuwa baridi.

"Shemeji, wewe unayehesabu mpaka mbegu za tikiti, leo umekuja kwa wakati. Kaa unihesabie maiti."

"Maiti gani?"

Alinionyesha kiti cha wateja, kile cha ngozi kilichokuwa mbele ya meza yake.

"Anakuja kila siku watu wakiwa wamelala mchana. Anakaa pale."

Nilipanga akilini maelezo yanayowezekana: joto, uchovu, hila ya mtu, wazimu. Kila moja nililipima kwa uzito wake. Hakuna lililotosha kueleza jinsi alivyokuwa akinong'ona katika ofisi yake mwenyewe.

"Mwezi Juni niliamua kumwambia yule mama," alisema. "Nilishuka mpaka mlangoni kwake. Nikafungua mdomo. Ulimi ukawa mgumu kama ubao, shemeji. Nikaonja udongo. Nikarudi juu, nikamkuta Liborio ameketi. Akaniambia, 'Tanino, hiyo si yako.' Na ana haki! Siri ya mteja ni mali ya mteja. Mimi naishika tu. Yeye akifa, siri haifi."

"Basi huwezi kuitoa."

"Mimi siwezi. Lakini neno ambalo mteja analisema mbele ya mtu wa tatu asiyehusika si siri tena. Hiyo ni kanuni ya kwanza niliyofundishwa. Akilisema mwenyewe na wewe ukalisikia, wewe huna kiapo kwa yeyote."

Alinionyesha mlango wa chumba cha mafaili, nyuma ya meza yake. Ulikuwa na ufa upana wa kidole.

"Na akijua kwamba nipo?"

Tanino alifuta paji la uso. Nilikuwa mtu wa vilima hivi. Hakuhitaji kunieleza desturi yao, lakini alinieleza hata hivyo, polepole, kama anayesoma hati. Katika ukoo ule mtu hajitambulishi mwenyewe. Lazima mwingine amtambulishe, na maneno ni mawili tu. Akisemwa kuwa ni wa kwetu, anakuwa wa kwao hapo hapo, na mdomo wake si wake tena. Akisemwa kuwa ni mgeni, aliyemwingiza ndiye hulipa.

"Ataniuliza mimi," alisema. "Hiyo niachie mimi. Nimekula mkate wa mtu yule, shemeji. Binti yangu amesoma kwa fedha zake. Sijui nitajibu nini."

Nilimwambia waziwazi kwamba siamini hata neno moja. Kisha nikaingia chumba cha mafaili.

Mtaa ulinyamaza. Maduka yalifungwa, sahani zikaacha kugongana, na hata mbwa walilala. Sauti iliyobaki ilikuwa ya ufagio wa Bi Crocifissa, ambaye hakuwahi kulala mchana tangu mwanawe apotee. Fyu. Fyu. Fyu. Niliweka jicho kwenye ufa. Nilimwona Tanino kwa mgongo, na mbele yake kile kiti, kitupu, kimevukwa na mistari ya mwanga iliyonyooka kama mistari ya daftari la shule.

Kisha mistari ilipinda.

Haikufifia wala kukatika. Ilipinda tu, kama inavyopinda juu ya magoti ya mtu aliyeketi. Ngozi ya kiti ilibonyea. Ilitoa sauti ndogo ya kukubali uzito.

"Kahawa ya hapa bado mbaya?" sauti iliuliza. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye adabu, na ndani yake mlikuwa na unyevu.

"Mbaya kama zamani, Don Liborio."

"Ungebadilisha muuzaji. Nilikwambia."

"Ulinambia." Tanino alikohoa. "Don Liborio, yule mama anaulizauliza. Nataka nihakikishe mahali pale ni salama. Nikumbushe."

"Umesahau?"

"Nimezeeka."

Kicheko kidogo kilisikika. "Looo! Nimekufa mimi, unasahau wewe." Kisha, bila haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Shamba la zamani la baba yangu. Kisima kikavu kilicho nyuma ya banda la makasha. Nilimlaza chini, nikamwagia saruji. Mtu hapiti pale ila kondoo. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Nilikuwa nimesikia. Kila neno. Nilirudi nyuma nusu hatua, na faili moja likateleza juu ya jingine. Lilitoa mlio hafifu kuliko wa karatasi kukunjwa.

"Tanino," sauti iliuliza taratibu. "Nani anapumua?"

Nilizuia pumzi. Nilikuwa nimechelewa.

"Nyuma ya mlango. Nani?"

Niliona mabega ya Tanino yakipanda na kushuka.

"Ni wa kwetu, siyo?" Sauti ilikuwa ya upole sasa, ya mzee anayemwonyesha kijana mlango wa kutokea. "Sema tu ni wa kwetu. Basi. Tutakuwa wenyewe kwa wenyewe, hapajaharibika kitu. Dada yako amepika. Nenda ukale."

Maneno hayo yangetuokoa sisi wote wawili. Yangemwokoa Tanino, na mimi ningerudi nyumbani nikiwa na ulimi wa ubao. Nje ufagio uliendelea. Fyu. Fyu. Tanino aligeuza kichwa kidogo kuelekea dirishani. Alikuwa akiusikiliza.

"Mgeni," alisema.

"Sema tena."

"Ni mgeni, Don Liborio. Hajawahi kuwa wa kwetu. Na amesikia yote."

Ngozi ya kiti ilipanda polepole. Mistari ikanyooka. Hewa ikawa baridi kiasi kwamba niliona pumzi yangu mwenyewe. Kisha nikasikia mlio mmoja. Meno juu ya kitu kigumu.

Nilisukuma mlango. Haukuwa na kufuli, wala hakukuwa na kitu kilichouzuia, lakini haukufunguka. Nilisukuma kwa bega. Nikasukuma tena. Ulifunguka wenyewe nilipoacha.

Tanino alikuwa ameketi nyuma ya meza, viganja juu ya mbao, kama shahidi aliyemaliza kutoa ushahidi. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa imefumbwa. Mashavu yalikuwa yamejaa.

Nilishuka ngazi kabla sijamwita mtu yeyote. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Nilimwambia Bi Crocifissa mahali penyewe, neno kwa neno. Aliegemeza ufagio ukutani, akavua aproni, akaikunja vizuri.

"Na wakili?" alinong'ona.

"Wakili ndiye aliyelipa."

Daktari wa mtaa alipombonyeza Tanino taya, alikuta jiwe. Lilikuwa la mviringo, limelowa, kubwa kuliko nafasi ya kupita katikati ya meno. Na hakuna jino lililovunjika wala mdomo uliochanika. Alisema haliwezi kutoka bila kuvunja mfupa.

"Hamtamvunja kaka yangu," Agatina alisema. Tulimzika nalo.

Katika mkesha, Gaspare, mwana wa Don Liborio, alikuja na kusimama kando ya jeneza. Kwetu kila mtu anajua ni nani anayewekewa jiwe mdomoni: aliyetoa siri ya ukoo. Aliyatazama yale mashavu kwa muda mrefu, kisha akanivuta pembeni.

"Si sisi, profesa," alinong'ona. "Naapa kwa jina la mama yangu, hakuna mtu wetu aliyepanda ngazi zile."

"Najua."

Hakuniuliza nimejuaje. Aliondoka bila kunywa kahawa, na ukoo wake haujanigusa mpaka leo.

Polisi walichimba siku iliyofuata mazishi. Nilisimama juu ya kisima pamoja na Bi Crocifissa na kuliona tabaka la saruji kabla halijavunjwa: zima, kavu, lina ukungu wa miaka, bila ufa hata mmoja. Chini yake alilala Mimmo. Mama yake alimtambua kwa medali ya Mtakatifu Rosalia iliyokuwa shingoni.

Daktari wa serikali, mwanamke kijana kutoka Catania asiyemfahamu hata mmoja wetu, alipiga magoti kando ya mifupa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniita karibu na kushusha sauti.

"Nani aliingia humu kabla yetu?"

"Hakuna. Saruji mmeivunja wenyewe."

"Basi nielezee hili."

Taya la Mimmo lilikuwa limeachama mno, kama halikuwahi kupumzika. Meno yalikuwa yamelika kwa ndani, mduara mzima, pale yalipobana kitu cha mviringo kwa miaka yote ile. Kitu chenyewe hakikuwapo. Mahali kilipokuwa, mfupa ulikuwa mweupe, safi, na bado umelowa.

Bi Crocifissa alishuka ngazi ya kamba bila kumwomba mtu ruhusa, akainama, akaweka kidole gumba chini ya kidevu cha mwanawe, akakipandisha taratibu. Mdomo ulifumbika kwa urahisi.