Barua za Bwana Radier

Jambo hili liliingia kwa mlango mdogo kuliko yote ya Kisumu, ule wa sanduku la posta. Mwaka ulikuwa 1994. Shule moja ya msingi kule Nyalenda ilikuwa na sanduku lake, na kama kawaida nusu ya mtaa ilipokea barua humo: wazazi, walimu, wauza samaki, hata watu waliohama zamani. Aliyezichambua ni Lornah, mpiga chapa wa shule, mama wa mtoto wa miezi miwili. Alikuwa amechoka hadi kwenye kucha.

Bahasha ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye dirisha la nailoni, kutoka kampuni fulani ya fedha isiyo na simu wala jina la barabara. Ilikuwa ya Bwana Absalom Radier. Shuleni hapakuwa na mzazi wala mwalimu wa jina hilo. Lakini kilichomshangaza Lornah ni kwamba bahasha ilikuwa imelowa chapachapa, na barua zote zilizolala nayo zilikuwa kavu. Ilinuka gugumaji la ziwani lililooza. Akaandika juu yake "Hajulikani, irudishwe", akairudisha. Wiki iliyofuata zikaja mbili. Wiki ya tatu zikaja nne.

Ningekuwa mimi, ningezitupa chooni nikanawa mikono. Lornah alikuwa mtu wa utaratibu, maskini. Alizirudisha zote ila moja, akaifungua. Ndani palikuwa na mstari mmoja wa taipu: "Akiba yako imekomaa, Bwana Radier, na haitatolewa ila kwa mtu wako wa damu." Mzee Ouma, bawabu wa shule, alikuwa amesimama mlangoni akamsikia akilisoma lile jina.

"Madam, hiyo jina umetoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Iko kwa bahasha, Mzee. Kwani unamjua?"

"Radier wa Asembo Bay. Alikula pesa ya akina mama wa samaki, wote, halafu ziwa ikamkula yeye. Miaka kumi sasa. Hakuacha mtoto, na hakuna mtu alikubali kuita mtoto yake hiyo jina. Mtu kama huyo hatulii, Madam. Anazunguka tu akitafuta mwenye atamuita."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Usichukue kitu yake. Na usiseme ni mtu yako."

Lornah alisikia, na alikusudia kutii. Ijumaa hiyo alitumwa posta kuchukua karatasi za mtihani ambazo mwalimu mkuu alizisubiri tangu asubuhi. Karani wa dirishani alimpa bunda, kisha akasukuma barua nyingine, ya rejista, pamoja na kadi ya kutia sahihi.

"Hii si yetu," Lornah alisema.

"Basi jaza fomu ya kuikataa. Dirisha namba saba."

Foleni ya dirisha namba saba ilifika hadi nje kwenye ngazi. Mtoto alikuwa ameachwa kwa jirani tangu saa moja, na maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi yake mbele za watu. Akatia sahihi.

"Na uhusiano, mama. Ya rejista hatupei mtu baki."

Akaandika "ndugu", kwa kuwa lilikuwa neno fupi, na kwa kuwa alitaka kwenda nyumbani.

Alipofika, mtoto alikuwa akilia. Alilia hadi jioni, akalia Jumamosi, akalia Jumapili kanisani hadi wakatolewa nje. Daktari alimpima masikio, tumbo na damu, akasema hana kitu. Barua ya rejista ilikuwa na karatasi moja iliyolowa: "Asante, ndugu yangu." Lornah aliitia kwenye jiko la makaa, haikushika moto. Alirudi posta akasema alikosea, yule mtu si wake. Karani alimwonea huruma, lakini kadi ilikuwa imeshaenda. Mumewe Walter alikuwa Muhoroni kwenye kiwanda cha sukari hadi mwisho wa mwezi. Usiku na mchana vilikuwa vimechanganyika. Alipiga chapa barua za shule akisinzia, na vidole vikiteleza aliona vimeandika R, a, d.

Siku ya kumi na moja mama mkwe wake, Mama Perez, alifika kutoka Yala. Mtoto alikuwa na jina la kanisani tu, Emmanuel, na hajapewa la nyumbani. Mama Perez hakuona ajabu yoyote. Mtoto akilia hivyo, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Utawataja mmoja mmoja, na atakapotajwa mwenyewe, mtoto atanyamaza. Alimpakata, akaanza.

"Ni wewe, Ogola? Ni wewe, Ochieng? Aoko, mama yangu, ni wewe?"

Kufikia saa nane mchana, bati likialika kwa joto, alikuwa ametaja majina yote ya kwao akayarudia. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka, imebaki kama mlango mbovu. Tangu jana hakuwa amenyonya.

"Upande yetu nimemaliza," Mama Perez alinong'ona. "Kwenu kuko nani alikufa na hatujamuita? Fikiria, nyathina, mtoto yangu. Huyu hafiki kesho."

Lornah aliinua uso, kwa sababu ile harufu ya gugumaji ilikuwa imeingia, ikija polepole kutoka nyuma ya pazia lililogawa chumba, na pamoja nayo tone la maji, kisha jingine, yakidondoka kwenye saruji ingawa mitungi yote ilikuwa mikavu tangu asubuhi, na chini ya pindo la pazia palikuwa na sakafu iliyolowa na vidole vya miguu, vyeupe, vimevimba, vimetulia, vya mtu asiye na haraka, mtu aliyesimama kwenye foleni akijua kwamba zamu yake iko karibu, na Lornah akaelewa kwamba hatamvuta, hatamgusa, hatasema hata neno, atangoja tu mpaka yeye mwenyewe amwite.

Alimtazama mwanawe. Mdomo ulikuwa wazi na hakukutoka sauti tena.

"Radier," alisema.

Mtoto alifunga mdomo. Aligeuza kichwa, akatazama pazia, kisha akatafuta titi.

"Radier ni nani?" aliuliza Mama Perez.

Hapo bado angeweza kusema kweli. Aliogopa kilio kile kuliko alivyomwogopa aliyesimama nyuma ya pazia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ndugu ya mama yangu," alijibu. "Alikuwa mtu mzuri."

Mama Perez alipiga kigelegele, machozi yakimtoka. "Karibu nyumbani, Radier," alisema. "Hapa ni kwako."

Nyuma ya pazia maji yaliacha kudondoka. Lornah alitaka kuinuka, avute pazia, aone kama kuna mtu bado. Macho yalikataa. Akalala pale pale kwenye kiti, usingizi wa kwanza kwa siku kumi na moja, na mtoto kifuani akinyonya kwa nguvu za mtu mzima.