Injini Inayoning'inia

Kila asubuhi mke wa fundi humfunga mumewe vifungo vya shati. Mkono wa kulia wa fundi umebaki na vidole viwili, na mbavu humuuma akiinama. Akishavaa, huketi mlangoni mwa gereji yao, nyuma ya nyumba, na kumtazama mdogo wake akifanya kazi iliyokuwa yake.

Kazi yenyewe ni kutoa injini za malori. Injini hufungwa mnyororo, winchi huivuta juu, kisha husukumwa mpaka kwenye meza. Ikianza kubembea, mafundi wa gereji hii huidaka kwa kifua na mikono. Baba yao aliwafundisha hivyo. Hivyo ndivyo fundi alivyobanwa ukutani.

Siku moja mdogo wake aliidaka injini nyingine, akacheka.

"Shemeji, kifua chako kimegeuka bampa?" mke wa fundi alimuuliza. "Kaka yako kanyolewa, wewe hata maji hujatia!"

"Kaka aliteleza tu, shemeji. Injini ikishaning'inia haina uzito. Winchi imeubeba wote. Tazama, naisukuma kwa kidole."

Injini ilisogea kweli. Hata fundi zamani alisema hivyohivyo.

Jioni mke alikwenda kwa jirani, mwanamke anayeendesha kreni. Mtaa mzima humwita Mama Kreni.

"Mmoja nimemuuguza," alimwambia. "Wa pili nitamzika."

Mama Kreni alifika gereji na madumu mawili meusi, moja tupu, moja limejaa maji. Akayatundika kwa kamba kwenye boriti.

"Fumba macho, bwana mdogo. Yapige kwa kiganja, moja moja. Lipi lina maji?"

Dumu la kwanza liliruka. La pili lilimuumiza kiganja.

"Hili hapa."

"Umejuaje? Hujabeba hata moja. Yamebebwa na kamba."

Mdogo wa fundi akalipiga tena dumu lenye maji.

"Uzito ni nguvu ya dunia inayovuta kitu chini," Mama Kreni alisema. "Huo kweli mnyororo umeubeba. Lakini chuma chote cha injini bado kimo humo humo. Kiasi hicho huitwa tungamo, na mnyororo haulipunguzi hata kidogo. Tungamo kubwa hufanya kitu kiwe kigumu kuanza kwenda, na kigumu kusimama kikishakwenda."

"Mbona kwa kidole inasogea?"

"Kwa sababu unaisukuma taratibu, kwa muda. Kuisimamisha kwa kidole nako kunataka muda. Ikikubana ukutani hakuna muda. Kuna mbavu zako."

"Na mwezini je? Nasikia huko vitu ni vyepesi."

"Huko uzito wa injini ungekuwa kama sehemu moja tu kati ya sita. Tungamo lingekuwa lilelile. Ikikujia kwa kasi ileile, utavunjika vilevile."

Fundi alitazama sakafu. "Laiti ungeniambia mwaka jana."

"Mwaka jana hukuniuliza, jirani."

Akawaonyesha namna ya kufanya. Injini ikishatoka kwenye lori, ishushwe karibu na sakafu. Ifungwe kamba mbili, waiongoze wakiwa mbali. Asisimame mtu kati yake na ukuta. Ikibembea kwa nguvu, waipishe ipite kama mgeni, itatulia yenyewe.

Wiki iliyofuata injini kubwa iligoma kutoka, kisha ikachomoka ghafla. Mdogo wa fundi aliinua mikono, kwa mazoea. Kisha akashusha mikono na kuruka kando.

Injini iligonga ukuta. Plasta ikamwagika. Mnyororo ukabembea mpaka ukatulia.

Fundi aliinuka polepole. Akaingiza vidole vyake viwili ndani ya shimo lililobaki ukutani. Lilikuwa usawa wa kifua cha mdogo wake.

"Kesho nitaliziba, kaka," mdogo wake alisema.

"Liache," fundi alijibu. "Aliangalie kila atakayekuja kufanya kazi hapa."