Ikilia ni Betri Tu

Kazi ya kwanza ya Kamusi kila asubuhi ilikuwa kubadilisha maji ya vifaranga. Kabla hajavaa sare ya shule, aliingia chumba cha uani, akakusanya visahani vilivyojaa maranda na kinyesi, akavisugua, akavijaza maji safi. Vifaranga walimzonga miguuni wakilia piyo, piyo, kama watoto walioona mama karudi na mfuko. Mama yake alikuwa mfugaji. Alichukua vifaranga wa siku moja, akawalea kwa joto la jiko la mkaa mpaka wakaota manyoya, kisha akawauza kwa wafugaji wenzake.

Kamusi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alipewa jina hilo na majirani kwa sababu ya Kiingereza chake. Chupa ya dawa, boksi la redio, ujumbe wa simu usioeleweka, vyote vililetwa kwake. Naye alipenda, kwa maana akianza kusoma hata watu wazima walinyamaza. Kidogo kidogo kichwa kikamvimba, akawa hakumbuki ni lini mara ya mwisho alitamka neno "sijui".

Jumapili moja mjomba wake, dereva wa malori ya masafa marefu, alipita nyumbani akiwa na haraka zake za kawaida. Alichomoa mfukoni kidude cheupe cha duara, kikubwa kama kisosi, akakipigilia msumari ukutani katika chumba cha vifaranga.

"Dada, hiki ni cha kukulinda na hewa ya mkaa," alisema. "Huko nipitako, watu wanavifunga majumbani. Maelezo yamo kwenye karatasi hii, mpwa wangu atakusomea. Mimi lori linaningoja."

Akawabusu watoto, akaenda zake.

Mama alijifuta mikono, akaketi juu ya ndoo. Kibabu, mdogo wake Kamusi wa miaka minne, aliyeitwa hivyo kwa kutembea akiwa amefunga mikono nyuma kama mstaafu, naye akaja kusikiliza. Kamusi alikohoa kidogo, akasoma kwa sauti: "If the alarm goes off, go outside at once."

"Haya, tafsiri."

Maneno yote aliyajua isipokuwa mawili yaliyokaa pamoja: "goes off". "Go" ni kwenda, nani asiyejua? Lakini kengele inakwenda wapi? Alikumbuka kwamba umeme ukikatika, watu husema taa zime-"go off". Akakitazama kidude. Kilikuwa na kitaa kidogo cha kijani.

"Kinasema kikizimika tutoke nje mara moja," alijibu. "Yaani hiki kitaa cha kijani kikizimika."

"Na kikipiga kelele je? Mjomba wako alikijaribu, kililia kama filimbi ya refa."

Hapo ndipo angeweza kusema, "Sijui mama, ngoja nikaulize." Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini Mama alikuwa akimtazama kwa ile fahari yake, na Kibabu alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Aa, kikilia ni betri tu," alisema. "Usijali."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mwanangu, bila wewe ningekuwa kipofu."

Siku nne baadaye mvua ilianza alfajiri, mvua ya upepo wa baridi unaopenya hadi mifupani. Vifaranga walijikusanya pembeni wakitetemeka. Mama aliwasha majiko mawili badala ya moja, akaziba nyufa za dirisha kwa magunia, akasokota gunia jingine na kulilaza chini ya mlango. Kibabu alikuwa na mafua, kwa hiyo Mama alimtandikia mkeka humohumo chumbani, apate joto.

"Nenda shule, usichelewe," Mama alisema. "Sisi huku tuko kama mikate ndani ya tanuri."

Kipindi cha tatu kilikuwa cha Kiingereza. Mwalimu, mama mnene mwenye miwani inayoteleza puani kila mara, aliandika ubaoni neno moja dogo: "go".

"Maana yake?"

"Kwenda!" darasa zima likapaza sauti.

"Mmejibu kama kasuku. Ngoja niwaulize. Mgeni anayejifunza Kiswahili amejua kwamba kupiga ni kuchapa. Akisikia umepiga pasi, atauliza pasi imekosa nini. Akisikia umepiga simu, ataihurumia. Ukimwambia umepiga picha na baba yako, atakimbilia polisi." Darasa likaangua kicheko. "Basi na Kiingereza kina maneno ya namna hiyo. Hili 'go' ni mojawapo. Bei zikifanya 'go up' zimepanda. Ukiambiwa 'go on', endelea. Moto ukifanya 'go out', umezimika. Haya, 'go off'?"

Kamusi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Kuzimika, Mwalimu!"

"Vizuri, kama ni taa. Na maziwa yakifanya 'go off'?"

Mwalimu aliisukuma miwani yake juu ya pua.

"Yamechacha. Na bomu?"

"Limezimika?" alijibu mmoja kwa wasiwasi.

"Ukilisogelea kwa maana hiyo, tutakuzika. Bomu limelipuka. Na kengele ya hatari ikifanya 'go off', haikuzimika hata kidogo. Imelia. Wengine wangeandika 'ring' au 'sound', maana ni ileile. Kwa hiyo neno msilitazame peke yake, tazameni limekaa na nani."

Wenzake waliandika. Kamusi hakuandika. Kalamu ilimtoka mkononi ikabingirika hadi chini ya dawati. Imelia. Kengele ikilia, tokeni nje mara moja. Naye alisema nini? Ikilia ni betri tu. Akaona magunia dirishani. Akaona majiko mawili. Akamwona Kibabu juu ya mkeka.

Aibu ilimziba mdomo. Darasa zima lingejua kwamba Kamusi hajui. Alihesabu pumzi moja, mbili. Kisha akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwalimu, nimemdanganya mama yangu."

Alieleza kwa maneno yaliyokanyagana. Mwalimu hakumkemea wala hakumuuliza mara mbili. Alitoa simu, akapiga namba ya Mama. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Iliita mpaka mwisho.

"Twende," alisema. "Kiongozi wa darasa, mwite mwalimu wa zamu."

Walikimbia mvuani. Mwalimu alijitahidi, lakini mwili ulimlemea, akapaza sauti kwa nyuma: "Tangulia! Lakini usiingie peke yako, unasikia? Mwite mtu mzima!" Kamusi alikimbia viatu vikinyonya tope. Kila hatua alijisemea, ikilia ni betri tu, ikilia ni betri tu, na maneno yake mwenyewe yalimchoma kama miiba.

Alipofika uani, kulikuwa kimya. Vifaranga mia mbili, na hapakuwa na piyo hata moja. Kisha akasikia sauti nyingine, nyembamba, ya kufifia, kama nyenje aliyefungiwa ndani ya debe. Ilikuwa kengele. Ililia, ikapumzika, ikalia.

"Mama!"

Hakujibiwa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa alipokumbuka onyo la Mwalimu. Kuuondoa mkono ule ilikuwa kazi nzito kuliko zote alizowahi kufanya. Alitimua mbio hadi karakana ya jirani, ambako seremala alikuwa akipiga randa.

"Fundi! Mama na Kibabu wamo ndani na hewa ya mkaa! Njoo!"

Seremala hakuuliza lolote. Alikuja na nyundo mkononi. "Kaa hapo hapo, usisogee!" Alivunja kioo cha dirisha, akang'oa magunia, akavuta pumzi ndefu na kuusukuma mlango kwa bega. Kamusi aliona mgongo wake ukimezwa na giza la chumba, na muda ukaacha kwenda.

Alitoka akiwa amembeba Kibabu. Kichwa cha mtoto kilining'inia kama cha mwanasesere wa kitambaa. Akamlaza barazani, akavuta pumzi, akarudi ndani. Safari hii alimburuta Mama kwa makwapa. Mama alikuwa macho nusu, miguu haikumtii, midomo ikichezacheza bila sauti.

Kamusi alipiga magoti karibu na mdogo wake. "Kibabu. Kibabu, amka." Alimgusa shavu. Halikujibu. Matone ya mvua yalimdondokea usoni, naye hakukunja hata kope. Hakulia. Hofu yake ilikuwa imepita mahali pa kulia.

Mwalimu aliwasili akihema, akamgeuza mtoto ubavu, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Alikuwa bado anaelekeza njia pale Kibabu alipokohoa, akatapika, akatoa kilio kikali cha hasira. Kamusi hakuwa amewahi kusikia wimbo mtamu kuliko kilio kile.

Hospitalini wote wawili walivishwa barakoa za hewa safi. Jioni daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliketi kitandani pa Mama.

"Moshi wa jiko mnauona, mnaukwepa," alisema. "Lakini mkaa unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha nguvu zinaisha kabla hujafika mlangoni. Jiko la mkaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa. Hata kwa baridi. Hata kwa dakika chache. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Kidude kililia," Mama alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nikasema ni betri. Kelele zikawatia kiwewe vifaranga, nikakifunga taulo. Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikadhani mafua ya mtoto yamenihamia."

Daktari alipoondoka, Kamusi alisogea.

"Mama, sikujua maana yake. Nilikisia. Na ile habari ya betri niliitunga."

Kwenye kitanda cha pili Kibabu alikoroma kidogo. Kamusi alingoja kofi, au machozi, au yote mawili.

"Nilikuuliza uso kwa uso," Mama alisema hatimaye. "Ukanijibu."

"Ndiyo, Mama. Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mimi mama yako nimesema mbele yako kwamba sijui Kiingereza. Umeniona nimepungua?"

Kamusi alitikisa kichwa, machozi yaliyokataa kutoka mchana kutwa sasa yakimwagika. Mwalimu, aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo zake bado mbichi, aliingia taratibu akamshika bega.

"Leo darasani mtoto huyu alisimama mbele ya wenzake wote akasema amekosa," alimwambia Mama. "Wakubwa wengi hawawezi. Angekaa kimya hadi kengele ya kutokea, tusingekuwa hapa."

"Nimesikia, Mwalimu. Na hilo ndilo lililonifanya nisinyanyue mkono huu." Mama alijikokota, akamvuta binti yake kifuani. Nywele za Mama zilinuka mkaa na maranda. "Sikiliza, mwanangu. Kusoma endelea, na majirani waendelee kukuletea karatasi zao. Lakini siku ile ungeniambia hujui, ningecheka kidogo, tungekwenda kwa Mwalimu, tungerudi tukala tukalala. 'Sijui' haijamzika mtu. Ni 'najua' ya uongo ndiyo iliyotaka kunizika mimi na mwanangu."