Altaneta ya Lori na Asali ya Mahari

Kwanza ulisikika mlio kama wa bunduki. Kisha kitu kikaanza kuchapa boneti kwa ndani, tap, tap, tap, na moshi wenye harufu ya plastiki ukatoka chini ya dashibodi na kumpanda Ntinyari magotini.

"Baba Kiogora, gari linaungua."

"Haliungui. Linapata joto tu."

"Basi joto limefika kwa sketi yangu."

Mumewe, Kobia, akakanyaga breki. Ile Landrova kuukuu ya dizeli, yenye umri mkubwa kuliko kifungua mimba wao, ikasimama mgongoni mwa kilima, katikati ya vichaka vya Mbeere. Kobia akaruka chini, akang'oa waya wa betri kwa spana. Halafu, kwa vile hajawahi kungoja kitu chochote maishani mwake, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliyokuwa yakichemka yakaruka juu, yakamchoma mkono wa kulia toka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Mwathani!" akapiga kelele, akimwita Mungu. Kondoo dume aliyefungwa nyuma akamjibu.

Kisa chote kilikuwa altaneta. Ile ya zamani ilikuwa ndogo na mpole, ikijaza betri miaka nenda miaka rudi bila kumsumbua mtu. Lakini Kobia alikuwa ameweka taa sita kubwa juu ya paa na redio yenye spika za kutosha kanisa zima, na betri ikawa haimalizi wiki. Akanunua altaneta ya lori. Lydiah, fundi wa pale Nkubu, akaitazama akatikisa kichwa. Alisema ule waya mwembamba hautabeba umeme wa dude hilo, na kwamba pulii yake, kile kigurudumu cha mkanda, imekaa upande, itatafuna mkanda. "Niachie siku mbili, mzee, nibadilishe waya na kishikio." Kobia akamwambia yeye alianza kuendesha Landrova kabla mama yake Lydiah hajaolewa. Akaenda kuifunga mwenyewe nyumbani, kwa kishikio alichokikata kwenye chuma cha kitanda. Ntinyari aligundua ni kitanda gani alipokikalia.

Sasa waya umeyeyuka na kushikana na ule wa stata, na mkanda umekatika vipande vitatu. Simu ya Kobia, iliyokuwa ikichajiwa garini, imezima. Ile ya Ntinyari ina chaji, lakini mahali pale mtandao hakuna.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Mwana wao Kiogora alikuwa mbele huko, kwa Mzee Gachoki, baba ya Wambeti, pamoja na wazee waliotangulia kwa gari la kukodi kupitia lami. Kobia alikataa lami. Alisema kuna njia ya mkato kutoka Ishiara, na Landrova haikutengenezewa lami. Yeye na mkewe ndio waliobeba kondoo na kibuyu kikubwa cha asali, na bila asali mazungumzo ya mahari hayaanzi. Mara mbili Gachoki alikuwa amepanga siku, na mara mbili Landrova ikakataa kuwaka. Safari hii alituma neno fupi: jua likizama asali haijafika, binti yangu atatafutiwa watu wenye haraka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Zilibaki kilomita kama kumi na tano.

"Tutembee," Kobia akasema, akipuliza mkono wake.

"Na goti lako? Na kibuyu utakibeba kwa mkono gani?" Ntinyari akauliza. "Maji ni kiasi gani?"

"Lita tatu."

"Loweka mkono. Usinywe yote. Mimi nimeona mchanga pale chini."

Alichukua mtungi, sufuria na panga, akashuka hadi mto mkavu. Akachagua mahali kwenye kona, chini ya mwamba, ambapo mchanga ulikuwa na rangi nzito kidogo, akapiga magoti na kuchimba kwa sufuria. Mchanga wa moto, mchanga wa vuguvugu, mchanga wa baridi. Mkono ulipozama hadi begani, vidole vikagusa unyevu. Akangoja. Maji yakaanza kujikusanya, kijiko kwa kijiko.

Mtungi ulikuwa umejaa nusu aliposikia matawi yakivunjika. Ndovu dume alisimama ng'ambo ya mto, masikio wazi, akimtazama kama chifu anayetazama mtu aliyeruka foleni.

"Ni yako," Ntinyari akasema kwa sauti ndogo, akirudi kinyumenyume. "Nilikuwa nakuchimbia tu."

Alijibanza nyuma ya mwamba na mtungi kifuani, akihesabu pumzi. Ndovu akaingiza mkonga katika shimo, akanywa, akachimba zaidi kwa mguu, akanywa tena, akaondoka bila kusema asante. Ntinyari alipotoka, shimo lilikuwa pana kama beseni na maji yamejaa. Akajaza mtungi hadi shingoni. Kisha akamwonea huruma ndovu, maana alikuwa amemfanyia kazi bure.

Akiwa njiani kupanda aliona mkonge uliopandwa zamani kuzunguka shamba lililoachwa. Akakata majani mengi kadiri mgongo wake ulivyoweza kubeba.

"Hayo ni ya kondoo?" Kobia akauliza.

"Ni ya gari."

Akaweka ubao wa jeki juu ya jiwe na kuanza kukwangua majani kwa bapa la panga, kama alivyofundishwa na nyanya yake wakati wa kusuka vyondo. Maji ya mkonge yakamwasha mikono hadi kwapani. Nyuzi nyeupe zikatoka. Akazianika juu ya boneti, kisha akaketi, akapandisha sketi, akaanza kuzisokota pajani.

"Ntinyari, hiyo ni injini, si ndama wa kufungwa kamba."

"Wewe ulifunga altaneta kwa kitanda. Nyamaza."

Akasokota kamba tatu, moja ya kutumia na mbili za akiba, kila moja akaipitisha kwenye pulii ya injini na ya pampu ya maji tu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, akapima, akaunganisha ncha kwa kuzisuka ndani kwa ndani ili pasiwe na fundo.

"Na altaneta?"

"Ipumzike. Leo imefanya kazi sana."

"Bila umeme halitawaka."

"Dizeli ikisukumwa inataka umeme wa nini? Si ni wewe hunihubiria hivyo kila tukikwama?"

Lakini kamba ziliteleza kwenye pulii, zilitaka kitu cha kunata, na kitu hicho kilikuwa nta iliyoziba mdomo wa kibuyu. Wakatazamana. Asali ya mahari haifunguliwi njiani, kila mtu anajua. Ntinyari akaangalia jua. Lilikuwa limeshaanza kuteremka.

"Afadhali wanicheke nikiwa nimefika," akasema, akabandua nta. Akapaka kamba zote tatu. Kisha akachovya kidole akampaka mumewe asali mahali alipoungua, maana asali ni dawa ya moto, akamfunga leso, akaenda kutafuta kitambaa cha kuziba kibuyu.

Alipogeuza kisogo tu, Kobia akachovya vidole viwili akavilamba.

Nyuki wa Mbeere hawahitaji kualikwa. Kwanza mmoja, kisha kumi, kisha hewa yote ikawa inanguruma. "Ingia ndani! Funga dirisha!" Ntinyari akapiga kelele, akasokomeza kitambaa mdomoni mwa kibuyu, akakikumbatia na kujitupa kwenye kiti cha dereva. Kobia akabaki nje, kwa sababu gari lazima lisukumwe na mtu. Akasukuma kwa bega, akilia, akitukana, akiwapiga nyuki kwa kofia. Nafikiri hakuna Landrova iliyowahi kusukumwa kwa bidii namna ile. Ikaanza kuteremka. Akajirusha ndani.

"Gia ya pili! Achia klachi!"

Ntinyari hakuwahi kuruhusiwa kushika usukani, lakini alikuwa amekaa kando yake miaka thelathini akimkosoa. Akaachia. Landrova ikaruka, ikakohoa, ikanguruma.

Kamba ya kwanza ilidumu kilomita nne. Walisimama, wakangoja rejeta ipoe, na safari hii Kobia hakugusa kifuniko. Alikuwa haoni kwa jicho moja. Ya pili ilidumu sita. Kila waliposimama, Ntinyari aliegesha penye mteremko, na Kobia, bila kuambiwa, alishuka kusukuma. Maji ya ndovu yaliingia kwenye rejeta hadi tone la mwisho. Kamba ya tatu ilikuwa imebaki nyuzi chache ziking'ang'aniana walipoingia boma la Gachoki, jua likigusa kilima.

Wazee walisimama. Kiogora akamsalimu mama yake, kisha akamtazama mtu aliyeshuka upande wa pili, kichwa kimefura kama boga.

"Mama, baba yuko wapi? Na huyu ni nani?"

Gachoki, mfugaji wa nyuki tangu ujana, alikuja polepole. Akatazama kitambaa mdomoni mwa kibuyu, halafu uso wa Kobia.

"Asali imefunguliwa," akasema. "Nataka kusikia kutoka kwa mkubwa wa safari."

Kobia alikuwa ameandaa hotuba kwa miezi miwili. Akafungua mdomo. Midomo yake ilikuwa minene kama viatu vya mpira, na kilichotoka ni "Bwf." Akajaribu tena. Kisha akanyanyua mkono wake uliofungwa leso na kumnyooshea mkewe, akainamisha kichwa.

Ntinyari akasimama mbele ya wazee, mikono ikimwasha, vumbi hadi kwenye nyusi, akasimulia yote: altaneta, kitanda, ndovu, mkonge, na vile vidole viwili ambavyo Kobia alidhani hakuviona. Gachoki alianza kucheka aliposikia habari ya kitanda. Kisa kilipofika kwenye vidole, mzee alikuwa ameshika nguzo ya nyumba.

"Nyuki wetu wameshapokea sehemu yao," akasema, akipangusa machozi. "Na watu walioumwa hivi wakaja tu, hao wanamtaka Wambeti. Leteni vikombe. Mama Kiogora, kaa hapa karibu nami, tuanze kuzungumza. Huyo mwingine mpeni uji, kama kuna mahali unaweza kupitia."