Mlango Namba Arobaini na Moja

Jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa nimebakiza vitu sita tu vya kubandika namba. Mnada ulikuwa kesho yake asubuhi, palepale ghalani kwa Mama Taraben, Shella ya Malindi. Meza zilijaa: sahani za Kichina zilizofukuliwa ardhini, santuri za Waitaliano, na picha ya mwanamke asiye na uso ambayo, niseme kweli, hata mtoto angeichora vizuri zaidi.

Na mlango. Namba arobaini na moja. Mlango wa nakshi, wa zaidi ya miaka mia mbili, umeegemezwa ukutani pamoja na fremu yake. Nyuma yake hakuna kitu, ni ukuta wa mawe tu.

"Mutuku, humo ndani usiongee na mtu," Mama Taraben alikuwa ameniambia mchana. Nilidhani hataki nizembee.

Mke wangu, Ndinda, alikuja kunichukua ili twende nyumbani pamoja. Alikaa barazani akichambua mchicha. Tulikuwa na miezi minne tangu tuoane, na bado nilikuwa naona raha kusubiriwa.

Ngo... ngo... ngo.

"Hodi," sauti ya mwanamke, ya chini sana.

Nilikuwa nimeinamia sahani. Nikadhani ni Ndinda. Mama yangu alinifundisha adabu, na adabu hiyo naijutia.

"Karibu, pita ndani."

Harufu ikanijia... udi, na nguo zilizovunda. Nikageuka. Mlango namba arobaini na moja ulikuwa wazi, upana wa kiganja. Nyayo za maji zilitoka pale, zikanipita, zikaelekea nje.

Ndinda akaingia mbio. "Nani yule mwanamke aliyetoka humu? Mbona amelowa vile?"

Macho yake yakatua kwenye mlango.

"Mutuku," alinong'ona, "kumbe huku kuna chumba?"

Akachungulia. Akaweka mguu mmoja ndani.

Mlango ukajifunga.

Niliuvuta kwa mikono miwili. Ulifunguka bila shida.

Ukuta.

Niliparura yale mawe hadi kucha zikatoa damu. Kisha nikaisikia sauti yake, mbali, nyuma ya mawe.

"Mutuku... nitoe. Kuna watu huku..."

"Karibu!" nilipiga kelele. "Ndinda, karibu, toka!"

"Nyamaza!" Mama Taraben alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuonekana kushangaa. "Akitoka mmoja, huingia mmoja. Na wamo wengi. Ukikaribisha, hatoki unayemtaka."

"Umejuaje, Mama?"

"Mume wangu yumo. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikizungumza naye kila jioni. Mwaka jana alinyamaza." Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Ndiyo maana nauza."

Nilimchukia. Bado namchukia. Nilimwomba asiuze, nikapiga magoti, akasema ameshaahidi watu. Polisi niliowakimbilia usiku ule waliandika kwamba mke wangu amenikimbia.

Asubuhi niliinua mkono kushindania ule mlango. Watu walicheka, na bei ikaniacha kabla sijashusha mkono. Ulichukuliwa na mtu wa ng'ambo aliyekuwa kwenye simu. Sikuwahi hata kuisikia sauti yake.

Tulikuwa wanne wa kuubeba hadi kwenye lori. Chini ya kiganja changu, ndani ya mbao, kitu kilikuwa kinakwaruza... taratibu... kikipumzika, kikianza tena.

"Mbona umekuwa mzito kuliko tulipouleta?" mwenzangu Mwambire alilalamika kutoka upande wa mbele.

"Polepole," nikamwambia. "Mke wangu yumo."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Dereva akapiga honi, msimamizi akafoka kwamba meli haimsubiri mtu, tusukume.

Nikasukuma.