Ubeti Ambao Clete Hakuuimba

Tansy Begley alikuwa amepeleka unga tu. Mfuko mmoja wa unga wa mahindi na dawa za presha, jua likiwa limeshagusa mlima, na Misty, rafiki yake wa chumba kimoja chuoni, akimsubiri nje huku injini ya gari inanguruma. Aliingia jikoni kwa bibi yake na haraka ya mtu mwenye tiketi mfukoni.

Bibi Ovie alikuwa akichambua maharagwe mabichi. Hakuinua macho.

"Mwenzio huyo anapiga honi kwa nani? Mwambie hapa hakuna kiziwi."

"Tunachelewa, Bibi. Tunakwenda tamashani."

"Kumsikiliza nani?"

Angeweza kudanganya, lakini uongo haukuwahi kufika mbali kwa Bibi Ovie. Huyu alikuwa mwanamke wa kuzuia damu kwa kunong'ona aya moja ya Biblia, na wa kupuliza jeraha la moto likapoa. Majirani walimsalimia kwa adabu na kumsema kwa hofu.

"Clete Ransdell," akasema.

Ganda la haragwe likavunjika.

"Siendi kumshangilia, Bibi. Nataka niuone uso wake tu. Basi."

Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Miaka ishirini na minne nyuma, Verdie, shangazi yake Tansy, aliondoka nyumba hii na fidla mkononi kwenda kuimba na Clete. Fidla ilirudi. Verdie hakurudi. Clete alimwambia sherifu kwamba msichana amepanda lori la watu na kwenda zake Texas, na sherifu akaandika hivyo hivyo, maana masikini hana shahidi. Haukupita mwaka, wimbo ambao Verdie aliutunga kwenye meza hii hii ukawa unalia kwenye kila redio, na jina lililotajwa lilikuwa la Clete. Wimbo ule una beti tatu. Verdie alikuwa amemwambia mama yake kwamba bado anatafuta wa nne.

Makaburini kwao kuna jiwe lenye jina la Verdie, na chini yake hakuna mtu. Kila mwaka, Jumapili ya kupamba makaburi, Bibi Ovie huweka maua juu ya udongo mtupu, mbele ya watu, kisha anarudi nyumbani. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja na moyo wenye hitilafu. Jumapili hiyo ilikuwa imebaki siku tisa.

"Baba yako anajua unakokwenda?"

"Hajui."

"Asijue."

Baba yake Tansy, Arlis, alikuwa kaka yake Verdie. Zamani zile alipiga besi katika bendi ya Clete. Baada ya dada yake kupotea aliuza besi na hakuruhusu tena muziki nyumbani, hata wa redio ya gari. Watu wakasema ni majonzi, maskini, wakamwacha. Ndiyo maana Tansy, mwaka wa pili chuoni akisomea uuguzi, alifika umri wa miaka ishirini bila kuhudhuria tamasha hata moja, katika milima ambayo mtoto hupewa gitaa kabla ya kiatu.

Bibi akanyanyuka. Akafungua kopo la vifungo, akatoa kitu kidogo, cha rangi ya mfupa. Kikalia mkononi mwake... chrrr.

Njuga ya mkia wa nyoka, yule anayelia mkiani kabla ya kuuma. Wapiga fidla wa milimani huitia ndani ya ala ili sauti iwe tamu. Hii ilitoka kwenye fidla ya Verdie, na ilizungushiwa unywele wake mmoja mwekundu.

"Itumbukize kwenye gitaa la Clete," Bibi akanong'ona. "Halafu sikiliza vizuri. Watu watakapoimba, wewe usiimbe. Umenisikia? Wewe ni damu yake. Ukimpa kinywa chako, hatakirudisha."

"Bibi, unataka afe?"

"Hela zake sizitaki. Kufa kwake nitakufurahia, sikufichi. Lakini ninachotaka ni mifupa ya mwanangu."

*

Uwanja ulinuka maandazi, bia na kinyesi cha farasi. Kofia pana kila mahali. Buti kila mahali. Misty alikuwa amemwazima Tansy mkanda wenye kifungo kikubwa cha fedha.

"Usikunje uso hivyo, dada," Misty akacheka. "Umekuja tamashani au umekuja kudai mahari?"

Kabla ya onyesho, Clete alikaa chini ya hema kusaini picha. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, meno meupe, sauti ya asali. Mashabiki waliruhusiwa kulishika gitaa lake kuukuu na kupigwa nalo picha. Foleni ilikwenda polepole. Njuga ilikuwa kimya mfukoni mwa Tansy mpaka zamu yake ilipokaribia.

Chrrr...

"Simu yako?" Misty akauliza.

"Ndiyo."

Akalishika gitaa. Tundu lilikuwa kubwa na njuga ilikuwa ndogo. Ikaingia. Clete akaweka mkono begani mwake kwa ajili ya picha, na Tansy akatamani kuung'ata.

"Nimewahi kukuona wapi, mrembo?"

"Hujawahi."

"Macho hayo nayajua." Tabasamu lake likachelewa kidogo. "Watu wa wapi nyie?"

"Wa huku huku," Tansy akasema, akaondoka.

*

Onyesho lilianza jua likizama. Na hapa lazima ukweli usemwe, japo Tansy mwenyewe aliuonea haya: alipenda. Alikuwa amekuja na chuki kifua kizima, kisha fidla ikalia, ngoma ikampiga mbavuni, watu elfu tano wakapiga buti chini kwa pamoja, na machozi yakamtoka. Hiki ndicho baba yake alichomnyima maisha yake yote. Hiki ndicho Verdie alichokifuata. Akamchukia Clete maradufu kwa kuwa mzuri kiasi kile.

Kisha wanamuziki wengine wakanyamaza. Clete akabaki peke yake na gitaa kuukuu.

"Huu mnaujua," akasema. "Nililia nilipoutunga."

Mwongo wee, Tansy akasema moyoni.

Akaimba ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Uwanja mzima ukapokea kiitikio:

*Niwashie taa, mama,*
*niione njia yangu;*
*mvua isipokoma,*
*nitarudi kwa mamangu.*

Tansy alibana midomo.

Clete akafanya walifanyalo waimbaji wote mwisho wa wimbo. Akaukabidhi kwa watu. Akanyoosha kipaza sauti kuelekea kizani, akacheka, "Nyie sasa! Nataka kuwasikia nyie!"

Watu wakavuta pumzi...

Chrrr.

Harufu ikaja kwanza. Tumbaku iliyolowa. Maji ya kisima kilichofungwa siku nyingi. Kisha elfu tano wakafungua vinywa kwa wakati mmoja, wazee kwa watoto, na Misty pia, macho yake yametulia kabisa, na wakaimba ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukisikia.

*Kwenye ghala la tumbaku,*
*chini ya mbao na mawe...*

Mkono wa Clete ukabaki umenyooka. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale.

"Zima," akamwambia fundi. "Zima vipaza sauti!"

Vilizimwa. Haikusaidia kitu.

Tansy alimwona akipepesa macho kutafuta njia ya kutoka, mtu mzima anayetetemeka, na furaha ikampanda. Furaha mbaya, ya moto, tamu kuliko chochote alichowahi kuonja. Alimkumbuka Bibi na maua yake juu ya udongo mtupu. Alikumbuka pia onyo.

Akaimba.

*Clete kaniacha huku,*
*nitoeni nikazikwe.*

Clete aligeuza macho moja kwa moja mpaka kwake, kati ya watu wote wale. Akafungua kinywa kusema jambo. Hakukutoka neno. Yalitoka maji.

Maji meusi. Mdomoni, puani, na kwenye tundu la gitaa, yakimwagika jukwaani bila kukoma, juu yao mbingu kavu na nyota zikianza kuonekana. Alipiga magoti. Akakwaruza hewa kwa kucha, akipanda ukuta ambao hakuna mwingine aliyeuona.

Walipomfikia alikuwa ameshazama.

*

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Kwenye simu za watu, video zote zilikuwa na kiitikio na baada yake mlio mwembamba tu, chrrr, mpaka mwisho. Lakini elfu tano walikumbuka maneno, na sherifu mpya alikuwa mmoja wao, amekuja na mkewe. Ghala la tumbaku la familia ya Purdy, mahali bendi ya Clete ilipofanyia mazoezi zamani, lilibomolewa Jumanne. Chini ya mbao palikuwa na kisima kilichojazwa mawe. Chini ya mawe palikuwa na Verdie. Malipo ni hapa hapa duniani, watu wakasema, na Bibi Ovie akala chakula chake chote siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Tansy hakula.

Siku ya nne Misty alifungasha vitu vyake akahamia chumba kingine. "Nisamehe, dada," akasema akiwa mlangoni. "Unaimba usingizini. Na ile sauti... si yako."

Tansy alijua. Ilikuwa inakuja polepole, mstari baada ya mstari, ikimpanda kooni na ladha ya maji ya kisima. Ubeti wa nne haukuwa wa mwisho. Kulikuwa na wa tano.

Verdie alizikwa Jumapili ya kupamba makaburi. Kwa desturi ya kwao kaburi huchimbwa na ndugu, na Arlis alikataa kusaidiwa. Alichimba tangu alfajiri peke yake, mpaka mikono ikatoka damu. Sasa alisimama kando ya udongo, ameegemea koleo, mtu mpole aliyemfundisha binti yake kuendesha baiskeli, aliyekesha naye alipougua surua, ambaye siku tisa hizi hakuweza kumtazama usoni.

Kuna mtu alimmulikia Clete mle ghalani. Kisima hakifukiwi gizani na mtu mmoja.

Mchungaji akamaliza sala. Watu wakawa wanangoja wimbo. Tansy aliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mjukuu wangu," Bibi Ovie akanong'ona pembeni yake. "Wamebaki wangapi?"

Tansy akatikisa kichwa.

"Nimekuuliza. Alikwambia Clete alikuwa na nani?"

"Bibi, usinilazimishe. Tafadhali. Umeshampata. Yuko hapa. Si ndicho ulichotaka?"

Kikongwe alimtazama mwanawe wa pekee aliyebaki, ng'ambo ya kaburi la binti yake wa pekee. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Uso wa Arlis ulikuwa na jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Mama," Arlis akasema. "Mama, twende nyumbani."

Bibi Ovie akanyoosha mkono, akaviondoa viganja vya Tansy mdomoni, kimoja, kisha cha pili. Alifanya hivyo kwa upole.

"Imba," akasema. "Na mimi niusikie wote."

Harufu ya tumbaku ikapanda kutoka ardhini. Mahali fulani kwenye nyasi kitu kikalia. Tansy alikaza meno mpaka taya zikamuuma, akilia, akimtazama baba yake, na meno yakafunguka yenyewe.

*Na yule mshika taa,*
*tumbo moja tumelala...*

Koleo likaanguka.