Makubazi Mlangoni pa Tanuri

Faki Mzee alikufa akiwa ndani ya tanuri la kupashia mabomba moto, kiwandani Changamwe, Jumanne moja ya Juni 1991, saa saba mchana. Mlango ulikuwa umekomewa kwa nje.

Inspekta Fondo aliutazama mwili mara moja. Miguu mitupu.

"Nani aliyewasha?"

"Mimi," alisema Mwidani, fundi wa tanuri. "Nilipiga hodi mara tatu, ndiyo desturi yetu. Hakuna aliyeitika. Wallahi sikujua."

Fondo akamgeukia mfagiaji, bibi wa makamo. "Shikamoo, Mama Mwanasaumu. Faki alifuata nini humo?"

"Marahaba, mwanangu. Akisali adhuhuri. Kiwanda kizima, ni humo tu hamna huu unga wa kupakia mabomba."

"Na anayesali haitiki hodi."

"Haitiki. Lakini makubazi huyaacha mlangoni. Ukiyaona, wangoja."

Makubazi yalikutwa kabatini mwake, pembeni kabisa. Fondo alichuchumaa. Unga wa kijani wa kuzuia kutu ulikuwa umetanda sakafuni kama unga wa chapati. Kati ya tanuri na kabati hapakuwa na alama ya mguu mtupu. Palikuwa na nyayo za mtu mmoja, kwenda na kurudi: buti lenye kisigino kilichopasuka.

"Mwidani, nyanyua mguu."

Mwidani hakunyanyua.

"Nyanyua!"

"Usijisumbue, Inspekta. Ni langu."

"Kwa nini?"

"Mwezi wa tatu Faki aling'oa waya wa athi kwenye bunduki ya kupulizia unga, ule unaoteremsha umeme ardhini. Ati wamkwaza akitembea. Mdogo wangu Kombo akaishika bunduki ile. Cheche moja, unga ukalipuka. Siku tisa alilala bila ngozi usoni, kisha akafa. Faki akaandikisha kwenye ripoti ya ajali kuwa Kombo alikuwa akivuta sigara. Kombo hakujua hata kushika sigara!"

"Kwa hiyo hodi..."

"Nilimsikia akitoa takbiri. Nikaokota makubazi, nikapiga hodi watu wasikie. Nilijua hataitika."

"Hakugonga?"

"Aligonga."

"Ukafanya nini?"

"Nikaongeza moto."

Fondo alimtia pingu.

Kombo, miaka kumi na tisa, kaburini. Faki, arobaini na mmoja, kaburini. Watoto watano nyuma yake. Mwidani alihukumiwa kitanzi. Mama yake, Mwanamkasi wa Bofu, alizaa wana wawili. Akabaki bila hata mmoja.